Kalamu Kwanza au Kidole Kwanza?

MHANDISI: Msimamo wangu siuzungushi. Kitu chochote kitakachobonyezwa na mtu, iwe menyu ya pesa kwenye simu, mashine ya tiketi au ukurasa wa kulipia leseni ya biashara, kiandikwe chote kwenye karatasi kabla programu haijaanza kuandikwa. Kila skrini, kila chaguo, kila ujumbe wa kosa: ukiwa hapa unaweza kufanya nini, na ukifanya unaangukia wapi. Si wazo langu wala si jipya. Mwaka 1969 David Parnas alipendekeza mazungumzo ya mtu na kompyuta yachorwe kwa vituo na mishale. Kituo ni hali uliyomo, mshale ni tendo linalokutoa hapo. Mchoro ukikamilika, kituo kisicho na mshale wa kutokea unakiona mezani. Usipochora, atakiona mteja, tena hela yake ikiwa ndani.

MSANIFU: Mishale nimeichora sana, kaka, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni mahali inapochorwa. Inachorwa Kijitonyama, chini ya kiyoyozi, na mtu ambaye mfumo ameshaujua kabla haujakuwepo. Atakayeutumia yuko Chamazi, ana kitochi chenye kioo kilichopasuka, jua la saa saba linammulika na kondakta anamdai nauli. Hati yako inasema, "Mtumiaji anasoma orodha, kisha anachagua." Nani amekuambia anasoma?

WAKALA: Hasomi. Mimi nina kibanda cha pesa za simu Mbagala Rangi Tatu, nawaona wakibonyeza. Mteja aliyezoea hatazami kioo. Anakwenda kwa mfuatano: nyota, mia na hamsini, nyota, namba zake mbili tatu, mpaka afike kwenye kiasi. Hapo ndipo anaangalia. Kampuni moja iliwahi kulishusha chini chaguo la kutoa hela, mahali pake wakaweka la mkopo. Siku kadhaa watu walikuwa wanaomba mikopo kibandani kwangu bila kujua. Niliyetukanwa ni mimi, si aliyehamisha.

MHANDISI: Mama, umenisaidia. Aliyehamisha hakuwa na hati. Angekuwa nayo angeona kwamba hiyo ndiyo njia inayopitwa na watu wengi, akaiacha ilivyo.

WAKALA: Sijakusaidia, baba. Labda hati alikuwa nayo, na ilimwambia mkopo una faida zaidi.

AFISA: Nisikilizeni na mimi ninayetia saini. Kwenye ofisi ya umma siwezi kununua kitu ambacho hakijaandikwa. Zabuni zinapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST tangu ilipochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Mzabuni anapanga bei kwa kile kilichoandikwa, na mkaguzi akija anauliza mawili: mlikubaliana nini, mmepokea nini? Nikimjibu kwamba tuliwaacha wasanifu wazunguke mitaani mpaka waelewe, nitakuwa nimejifukuza kazi mwenyewe.

MSANIFU: Hati zenu nimezisoma, ndugu Afisa. Seva iwe ya aina gani imeandikwa. Nakala rudufu mara ngapi, imeandikwa. Jenereta ya chumba cha seva, nayo imeandikwa. Ukifika kwa mtu atakayebonyeza unakuta mstari mmoja: "Mfumo uwe rafiki kwa mtumiaji." Urafiki huo mkaguzi anaupimaje?

AFISA: Anaangalia kama mafunzo yalifanyika.

MHANDISI: Hapo niko upande wa dada. Mstari huo si hati, ni dua. Kiwango cha ISO 9241, sehemu ya 11, kilichotoka mwaka 1998 na kupitiwa upya 2018, kinasema urahisi wa kutumia kitu haupo wenyewe hewani. Unapimwa kwa watumiaji waliotajwa, kwa lengo lililotajwa, katika mazingira yaliyotajwa. Andika hivi: mpangaji wa Tandika ambaye hajawahi kuutumia mfumo huu, kwa simu ya batani, amesimama, alipie kwa kontroo namba yake ya tarakimu 12 bila kumuuliza mtu, na akikosea tarakimu moja ajue amekosea kabla hela haijatoka. Hicho mzabuni hawezi kukikwepa. Unampeleka Tandika, unamsimamisha pembeni, unatazama.

MSANIFU: Sasa umejuaje kwamba anasimama? Kwamba ana simu ya batani? Kwamba atakosea tarakimu, si kiasi? Ulikwenda kutazama kwanza. Kidole kilitangulia kalamu, ila hutaki kukitaja.

MHANDISI: Nilikisia. Makisio yaliyoandikwa mtu anaweza kuyapinga. Makisio yaliyo kichwani mwa mwandika programu hayapingwi na mtu, yanakuja kugunduliwa na mteja saa tano usiku.

MSANIFU: Basi tuchukue hati iliyoandikwa kwa makini kuliko zote tunazozishika kila wiki. LUKU. Mwaka 2024 TANESCO, shirika la umeme, waliwataka wateja wa umeme huo wa kulipia kabla waboreshe mita zao kabla ya tarehe 24 Novemba. Ukinunua umeme, badala ya tokeni moja ya tarakimu 20, unapewa makundi matatu. Ingiza la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu ndilo lenye umeme wenyewe. Tarakimu 60 kwa mkono, bila kuvuruga mpangilio.

WAKALA: Usinikumbushe. Bibi mmoja mtaani kwetu alianza na kundi la tatu, kwa sababu ndilo alilokutana nalo alipofungua meseji na kushuka mpaka mwisho. Rimoti ya mita, ile ya kuingizia tokeni, ikamkatalia. Akarudia, ikakataa. Akaja kwangu anasema nimemuuzia umeme hewa. Na rimoti yangu mwenyewe kioo chake chembamba: tarakimu za mwanzo zinafichika kabla hujafika mwisho, ukipotea katikati huna pa kuangalia, unaanza moja. Mwanangu alikuwa ananisomea nne nne, kwa sauti, kama anahesabu mahindi.

MHANDISI: Ngojeni niwaeleze kwa nini, maana wengi walidhani ni usumbufu wa shirika. Kiwango cha mita hizi kilizaliwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, na leo ni cha kimataifa, IEC 62055-41. Kila tokeni imebeba muda wake ndani, ili isiingizwe mara mbili. Muda huo unahesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni biti 24, yaani dakika 16,777,216, karibu miaka 32. Ongeza juu ya 1993, unaangukia tarehe 24 Novemba 2024. Siku hiyo ilikuwemo ndani ya hati tangu mwanzo. Haikumvamia mtu. Nchi nyingi, viwanda vya mita tofauti, wauzaji wa tokeni wasiohesabika, na wote walijua siku ni moja na dawa ni moja. Hiyo ndiyo faida ya kuandika. Tena ndani ya tokeni kuna hesabu ya kujikagua: ukikosea tarakimu, mita inakataa, na tokeni yako inabaki na thamani yake. Na tokeni ya mita yako haiingii kwenye mita ya jirani. Nionyesheni menyu iliyoshonwa kwa kuzunguka mitaani ambayo imedumu miaka 30 bila kumpa mtu umeme wa mwenzake.

(Mwandishi anaomba nafasi ya sentensi mbili. Hoja hiyo ni nzito kuliko Mhandisi alivyoitumia: mita iliyoko ukutani Yombo inaweza isiwe na mawasiliano yoyote na shirika, na bado inaziamini tarakimu zilizopita kwenye simu ya mtu asiyeijua siri iliyomo ndani yake. Ni vitu vichache vya kompyuta katika nchi hii vilivyofanya kazi yake muda mrefu hivyo kimya kimya.)

MSANIFU: Sikatai hata neno. Lakini angalia hati hiyo ilimwona nani. Iliona biti 66 zinazotakiwa kufika kwenye mita. Biti 66 ukiziandika kwa tarakimu za kawaida zinatoka 20. Ndiyo maana ni 20. Hakuna mtu aliyepimwa akaonekana anamudu 20. Kampuni iko huku, mita iko kule, katikati hakuna kebo, basi bibi wa Mbagala ndiye kebo. Katika mchoro wenu yeye ni waya, na waya hauvunji miwani, hauanzi na kundi la tatu. Unasema siku ilijulikana tangu 1993. Basi kulikuwa na miaka 31 ya kujiuliza waya huo utabebaje tarakimu 60.

MHANDISI: Mwaka 1993, mita haina laini ya simu, haina kadi, ina vitufe kumi na viwili. Wewe ungefanya nini?

MSANIFU: Ningeongeza mshale mmoja tu kwenye mchoro wako. Akianza na kundi la tatu, mita imjibu kwamba hili ni la tatu, anza na la kwanza. Siyo imkatae kimya mpaka akamtukane wakala.

MHANDISI: Hilo haliwezekani kirahisi. Mita isiyobadilishwa bado haina ufunguo wa kulifungua kundi la tatu, haiwezi kujua kama ni la tatu au ni takataka.

MSANIFU: Basi meseji ingeweza. Mita haijui, lakini aliyetuma meseji anajua. Angetuma makundi matatu katika meseji tatu, ya pili ianze kwa maneno "usiingize hii kabla ya ile". Tatizo likiwa gumu kwenye mita unalihamishia kwenye simu, ambako nafasi ipo. Ila hati ya mita haikuandika habari za simu, na aliyeandika meseji hakuandika habari za mita. Mteja amekaa kwenye mwanya kati ya hati mbili, kila moja imekamilika.

MHANDISI: Kwa hiyo unachodai ni hati nene zaidi. Ile ya tatu, inayounganisha mbili.

MSANIFU: Nadai hati ambayo huwezi kuiandika kabla hujamwona bibi akianza na kundi la tatu.

AFISA: Na kwa kuwa mmefika huko, mjue halijaisha. Kwa mujibu wa kiwango hicho hicho, mwaka wa kuanzia hesabu unaofuata ni 2014.

MHANDISI: Ndiyo. Hesabu hiyo itajaa mwishoni mwa 2045.

WAKALA: Na nani ataandika meseji ya 2045?

AFISA: Mimi nitakuwa nimestaafu.

WAKALA: Mimi naona mnazungumza kama rimoti ni ya mtu mmoja. Njooni Mtoni, njooni Buza. Nyumba vyumba sita, mita moja, wapangaji wanachanga. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda 1,500. Kodi ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Mwanzo wa mwezi kijana ananunua wa elfu mbili ili alale na feni, anapata yuniti za kuchajia simu. Mwenye nyumba yuko Kibaha, hapokei simu. Huyo kijana yuko wapi kwenye mishale yenu?

AFISA: Hilo ni suala la sheria, mama, si la menyu. Sheria inajua mdaiwa ni mwenye nyumba.

WAKALA: Sheria inajua. Rimoti haijui.

MSANIFU: Aliyechagua mita iwe mahali pa kukusanyia kodi amesanifu kiolesura, apende asipende. Amechagua kidole kitakacholipa. Ningeuliza kabla: anayebonyeza na anayedaiwa ni mtu mmoja? Ukiliuliza swali hilo sebuleni Masaki unapata ndiyo. Ukiliuliza Buza unapata vicheko. Hakuna mchoro utakaokujibu, kwa sababu katika mchoro "mtumiaji" ni neno moja.

MHANDISI: Na ukishapata jibu la Buza utaliweka wapi? Kichwani? Kwenye picha za simu yako? Dada, nimefanya kazi na timu za watu kama wewe, wazuri, wanaopenda watu. Wanazunguka Manzese na Tandale wiki mbili, wanarudi na vikaratasi vya rangi ukuta mzima. Mradi ukiisha vikaratasi vinatupwa. Mwaka unaofuata msanifu kahamia Nairobi, na hakuna anayejua kwa nini skrini ya nne inauliza kiasi kabla ya namba. Mtu mpya anaona haipendezi, anageuza. Na mama anatukanwa tena.

MSANIFU: Hapo umenipiga. Lakini...

MHANDISI: Ngoja, sijamaliza. Julai 2021 tozo ya miamala ilianza kukatwa. Amri imetoka, tarehe imepangwa, kila mtoa huduma abadilishe kiasi kinachoonyeshwa kabla ya namba ya siri, ujumbe baada ya muamala, taarifa ya salio, jibu la "salio halitoshi". Aliyekuwa na mchoro alihesabu skrini za kugusa. Asiyekuwa nao alizitafuta gizani. Kisha viwango vikapunguzwa, zoezi likarudiwa. Kwa haraka ya namna hiyo utamzungukia nani mtaani?

MSANIFU: Na aliyekuwa na mchoro, mteja alimwelewa? Hela imepungua, meseji ina makato mawili yasiyofanana majina, mama anaulizwa kibandani lipi ni la kampuni na lipi ni la serikali. Skrini zote zimeguswa kwa wakati. Zimefuata hati. Mtu hajaelewa.

WAKALA: Walikuwa wananiambia, "Nikate mwenyewe hapa hapa, nipe zilizobaki." Wakadhani tozo naichukua mimi.

AFISA: Naona hamjamtaja mtu mmoja.

WAKALA: Mwizi.

AFISA: Huyo huyo.

WAKALA: Nilikuwa namngoja. "Ile hela tuma kwenye namba hii." Nani hajaipata hiyo meseji? Huyo anabahatisha: wewe kweli una mtu unayetakiwa kumtumia, basi unatuma. Lakini kuna wa pili, mjanja zaidi. Anakutumia meseji iliyoandikwa neno kwa neno kama ya muamala: umepokea shilingi kadhaa kutoka kwa fulani, salio lako jipya ni kadhaa. Halafu anapiga, analia, nimekosea namba, hela ya hospitali, nirudishie. Mteja anafungua meseji, anaiona imekaa vilevile kama zile za kweli. Anatuma ya kwake.

MSANIFU: Huo ndio uzuri wa kuandika kila kitu kwa mpangilio usiobadilika, kaka. Mwizi amesoma hati yako. Anajua kiasi kinakaa wapi, salio linakaa wapi. Ninyi mliandika maneno, yeye akayanakili.

MHANDISI: Mpangilio ukibadilika kila siku ndiyo mtu hataijua ya kweli hata akiiona! Dawa iko ndani ya hati, haiko nje. Iandikwe kwamba meseji si ushahidi wa salio. Ushahidi ni menyu, na kila ujumbe wa kupokea hela umalizike kwa kumwelekeza mtu aangalie salio lake mwenyewe. TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, wana namba 15040 ya kupelekea hizo meseji za kitapeli. Ni meseji ngapi za muamala zinazoitaja? Nafasi ipo, nidhamu haipo.

WAKALA: Mteja amepigiwa simu, mtu analia upande wa pili. Ataangalia salio saa ngapi? Kitochi kiko sikioni, kioo hakioni. Mpaka akate.

MHANDISI: Hilo... sikuwa nimelifikiria.

MSANIFU: Kwa sababu kwenye mchoro wako, mtu akiwa kwenye kituo fulani, yupo hapo tu. Tapeli hayupo sikioni mwake.

AFISA: Mmenichosha kwa raha. Lakini nina zabuni ya kufunga, na siwezi kuwaandikia wazabuni "mkamtazame bibi". Nipeni kifungu kimoja. Kimoja tu, nikione kinaandikika. Chukueni hili: mtu analipia kwa menyu ya USSD, ile ya nyota na namba, ameshaweka namba ya siri, mtandao umekatika kabla jibu halijaja. Afanyweje?

MHANDISI: Safi kabisa, maana hapa ndipo hela zinapopotea. Mwaka 1990 Rex Hartson na wenzake, Siochi na Hix, walitoa namna ya kuandika inayomfaa hata dada. Ni jedwali. Safu ya kwanza ni tendo la mtu. Ya pili, anachoonyeshwa. Ya tatu, hali ya kiolesura. Ya nne, kazi inayofanyika ndani ya mfumo. Mtu ndiye anayeanza, mashine inafuata. Basi naandika. Tendo: ameweka namba ya siri. Anachoonyeshwa: hakuna, laini imekatika. Hali: haijulikani kwake. Ndani: muamala umepita, au haujapita.

MSANIFU: "Haijulikani kwake." Hiyo safu naipenda. Kwa nini huwa haiandikwi?

MHANDISI: Kwa sababu wengi wanaandika safu ya nne tu. Ndani ya mfumo kila kitu kinajulikana.

WAKALA: Na yeye anachofanya nawaambieni mimi. Anarudia. Palepale, kabla meseji haijaja. Analipa mara mbili. Ukimwambia subiri hakuamini, maana siku nyingine amesubiri na hela haikwenda, king'amuzi kikakatwa mpira ukiwa unaendelea.

MHANDISI: Basi mstari wa pili. Tendo: anapiga menyu tena. Anachoonyeshwa, kabla ya orodha yoyote: "Malipo yako ya mwisho, shilingi kadhaa kwenda kwa fulani, yamepita" au "hayajapita". Kisha ndipo achague kuendelea. Skrini moja ya USSD haizidi herufi 182, nafasi na nukta zikiwemo, kwa hiyo orodha isubiri skrini inayofuata.

AFISA: Imekaa vizuri. Hiyo nainakili.

MSANIFU: Usiinakili bado. Itoke kila anapopiga menyu, au baada ya kukatika tu? Ikitoka kila mara, baada ya siku tatu vidole vitazoea kuiruka. Wataibonyeza wapite kama wanavyopita matangazo. Wateja wa mama hawasomi, tumekubaliana.

MHANDISI: Baada ya kukatika tu. Na kwa muda maalumu. Dakika kumi.

WAKALA: Kumi ndogo. Mtandao ukienda Mbagala mtu anaenda nyumbani anapika.

MHANDISI: Saa moja, basi.

AFISA: Mniamulie. Kumi au sitini? Mzabuni atauliza.

MSANIFU: Hapo sasa kalamu yako imefika mwisho wake, ndugu Afisa. Andika "muda utakaopatikana kwa majaribio Mbagala na Tegeta kabla ya mfumo kupokelewa", na utenge fedha za hayo majaribio kwenye mkataba.

AFISA: Nikiweka majaribio bila kikomo wazabuni watapandisha bei. Nikiweka kikomo, utasema nimefunga macho. Na siku ya bajeti wanaouliza kwa nini mradi umechelewa si ninyi.

MHANDISI: Weka kikomo. Mizunguko miwili ya majaribio, kisha hati inafungwa.

MSANIFU: Mitatu. Wa kwanza watu wanaona aibu kukosea mbele ya mgeni, wanakuonyesha wanachodhani unataka.

MHANDISI: Mitatu, lakini kila mzunguko ukiisha unakuja na mistari iliyobadilishwa kwenye jedwali, siyo hadithi.

MSANIFU: Nakubali. Na hadithi iandikwe pembeni ya mstari, ili atakayekuja kesho ajue kwa nini.

WAKALA: Mmeelewana haraka. Mimi bado nina neno juu ya ule mstari wa pili. Mnasema mtu akipiga menyu tena, aonyeshwe malipo yake ya mwisho na jina la aliyelipwa.

MHANDISI: Ndiyo, mama.

WAKALA: Na simu ikiwa ya kuazima? Kwangu kila siku kuna mtu anaomba simu ya jirani alipie kitu. Mume kaazima ya mkewe, mke kaazima ya shemeji, mtoto kaichukua ya babu anunue bando. Laini imekatika, mwenye simu amerudishiwa simu yake, anapiga menyu aangalie salio. Jambo la kwanza analoliona ni jina la mtu aliyetumiwa hela, na kiasi. Ninyi mtakuwa mmeshafika kwenu. Ugomvi utakuwa kibandani kwangu.

AFISA: Lakini meseji ya muamala nayo si inaingia kwenye simu hiyo hiyo? Ataiona tu.

WAKALA: Meseji inafutwa, baba. Watu wanafuta kabla ya kurudisha simu. Hii yenu inafutwaje?

MSANIFU: Tuondoe jina, tubakize kiasi.

MHANDISI: Bila jina hawezi kujua kama ni malipo yale au ya jana. Tutamrudisha kulekule kwenye kulipa mara mbili.

WAKALA: Basi aulizwe kwanza kama aliyepiga sasa ndiye aliyelipa.

MHANDISI: Kwa namba ya siri?

WAKALA: Namba ya siri alishampa yule wa kwanza ndipo akalipa.

MHANDISI: Kwa swali tu, basi. "Ni wewe uliyelipa?" Moja ndiyo, mbili hapana.

MSANIFU: Na akibonyeza moja wakati si yeye?